Barua kwa mpwa aliyepewa nafasi ya mchawi

Sumbawanga, Julai

Mpwa wangu,

Baridi ya huku unaijua mwenyewe. Mwezi huu upepo wa Mbizi unashuka alfajiri hadi ng'ombe wanasitasita kutoka zizini, na sisi wazee tunahamia jikoni na viti vyetu mpaka jua lipande. Mahindi tumeshavuna, maharage yamepurwa, bei ya gunia si ya kuandikia barua. Zaidi ya hapo hatujambo.

Mama yako alinijia Jumapili akitoka misa ya pili. Hakukaa. Alisimama mlangoni, kitenge bado begani, akasema, "Kaka, mwanao amepata picha." Nikasema tumshukuru Mungu, maana umesota Dar muda mrefu ukisimama nyuma ya watu kwenye harusi za tamthilia. Akasema, "Ngoja nimalizie. Anaigiza mchawi. Mchawi wa Sumbawanga. Nimeuza ng'ombe nimsomeshe, yeye anakwenda kutuanika."

Alipokunywa chai akatulia, nikaipata habari yote. Kumbe wewe si mchawi mwenyewe, ni kijana anayembebea mchawi mkoba. Tajiri wa Dar anataka mshindani wake apigwe radi, anamfuata mzee huku kwetu, mzee anapanda ungo na wewe nyuma yake. Una maneno ya kusema, tena mengi, na muongozaji anataka uyaseme Kifipa-Fipa, yaani Kiswahili kilichovunjwa makusudi ili watu wacheke. Mama yako anataka nikukataze. Nimemwambia nitakuandikia. Sikumwambia nitakuandikia nini.

Mwalimu mstaafu akiulizwa swali dogo hutoa somo zima, kwa hiyo vuta kiti. Nitakujibu kwa kupitia kwa makauboi.

Unajua nilivyo na picha hizo. Watu wa nyumbani hunicheka nikimaliza bando la wiki nikitazama watu waliokufa zamani wakirushiana risasi katika picha isiyo na rangi. Lakini ugonjwa huu nimeurithi. Babu yako alikuwa kijana wakati ambapo vijana wengi wa Ufipa walitafuta fedha ya kodi na mahari ama kwa kwenda kukata mkonge kule Tanga, ama kwa kuvuka mpaka pale Abercorn, Mbala ya leo, kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Yeye alikwenda Luanshya.

Kwenye kambi za wachimbaji sinema ilionyeshwa uwanjani, usiku, kwa kiingilio kidogo, na umati ulikaa chini ukizomea na kushangilia. Picha zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za kauboi. Kulikuwa na bodi ya ukaguzi iliyoamua Mwafrika aone nini na asione nini, na mikasi yake haikupumzika, kwa hiyo picha zilifika kambini zina matobo. Babu yako alisimulia mtu akichomoa bastola, kufumba na kufumbua yuko kanisani anafunga ndoa, na ugomvi wenyewe umebaki mezani kwa Mzungu. Watazamaji waliziba pengo kwa kelele zao. Stelingi, awe nani, walimwita Jeke. Hortense Powdermaker, mtaalamu wa Kimarekani aliyeishi Luanshya mwaka 1953 na 1954 akichunguza maisha ya wachimbaji, aliwasikia wakiliita jina hilo, akaliandika katika kitabu chake kiitwacho Copper Town. Kule Kongo, mjini Leopoldville, vijana walikwenda mbali zaidi. Walijiita Mabill, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kikauboi, wakagawana mitaa na kubuni lugha yao wenyewe, Hindubill.

Babu yako hakuwa na makuu hayo. Alirudi na cherehani, baiskeli na kofia ya ukingo mpana, na kofia hiyo aliivaa akilima kwa maksai hadi ikaoza kichwani. Siku moja nilimuuliza wale Wahindi Wekundu waliokuwa wakiporomoka kutoka kwenye farasi walikuwa watu gani hasa. Akafikiri kidogo. "Wale walikuwa wa kuanguka tu," akasema.

Nataka uyashike maneno hayo, maana nafasi uliyopewa ni ya ukoo huo huo.

Huko Marekani kauboi alihama kutoka ukumbi wa sinema akaingia sebuleni. Mwaka 1959 vituo vya televisheni vilikuwa na zaidi ya tamthilia ishirini za kauboi kila wiki, saa za jioni. Sisi televisheni tuliisikia kwa wenzetu. Zanzibar walianza mwaka 1973, bara mpaka mwaka 1994, na huku Sumbawanga kauboi alitufikia kwa kanda za video kwenye vibanda, tumebanana kwenye mabenchi, jenereta linanguruma nje. Kwa hiyo waigizaji hao wa kauboi nimewajua kwa kuchelewa, na kwa mpangilio mbovu. Hilo lilinisaidia, maana mtu unayekutana naye akiwa kijana leo na mzee kesho huwezi kumwamini kuwa ni shujaa. Unaanza kumtazama kama mtu aliye kazini.

Anza na Gunsmoke, iliyodumu kuliko nyingine zote za aina yake, tangu mwaka 1955 hadi 1975, sehemu 635. James Arness aliigiza Matt Dillon, mkuu wa usalama wa mji wa Dodge. Alikuwa na urefu wa mita mbili, na maneno machache. Msaidizi wake, Chester, aliigizwa na Dennis Weaver, na Chester ana mguu mmoja mkavu usiokunjika. Mtazame anavyokaa kwenye kiti: mguu unatangulia umenyooka, kiuno kinafuata, mkono unatafuta pa kushika, na uso hauonyeshi kuwa kuna taabu yoyote, kwa sababu kwa Chester hiyo si taabu, ndivyo alivyozoea. Sasa sikia. Mwenye mguu mbovu alikuwa Arness. Alipigwa risasi na Wajerumani kule Anzio, Italia, mwaka 1944, na mguu ule ulimuuma maisha yake yote, hasa akikaa juu ya farasi kwa muda mrefu. Weaver alikuwa mzima wa chuma, mwanariadha aliyeshiriki majaribio ya kuingia timu ya Olimpiki ya Marekani mwaka 1948, katika shindano la michezo kumi. Mguu wa Chester aliuchagua mwenyewe. Mwenye kilema alikificha miaka ishirini, asiye nacho akajitengenezea, na mwaka 1959 akapewa tuzo ya Emmy kwa nafasi hiyo ya msaidizi.

Nimekaa sana kwenye mguu huo kwa sababu ndani yake kuna kazi yako yote. Chester naye angeweza kuwa mtu wa kubeba mkoba tu.

Sehemu ya kwanza kabisa ya Gunsmoke ilitambulishwa na John Wayne mwenyewe, akiwaomba watazamaji wampokee Arness. Miaka michache baadaye huyo Wayne alikuwa kwetu, Momella, chini ya Mlima Meru, akifukuza faru kwa gari katika Hatari!, picha ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962. Walipokuwa wakiipiga, Tanganyika ilikuwa mlangoni mwa uhuru. Mwenzake mmoja, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda nchi ile hadi akanunua shamba palepale na kuishi huko miaka kadhaa. Picha yenyewe ni ya kauboi, ila ng'ombe wamegeuka faru na farasi wamegeuka magari. Ukiitazama, waache mastaa, angalia wanaume wetu walio nyuma ya magari. Wanavuta kamba, wanambana mnyama, vumbi limewajaa hadi kope. Picha inakwisha hujui hata mmoja wao kama ana mke au hana.

Kisha akaja Hugh O'Brian. Huyu aliigiza askari Wyatt Earp kwenye televisheni kuanzia mwaka 1955 hadi 1961. Mwaka 1958, jina lake likiwa juu kabisa, alisafiri hadi Lambaréné, Gabon, akakaa siku tisa hospitalini kwa daktari Albert Schweitzer, na aliporudi kwao akaanzisha mpango wa kuwafunza vijana uongozi ambao upo hadi leo. Nasema hivyo usije ukadhani nawaona wote ni wapuuzi. Baadaye alikwenda Kenya kupiga Africa Texas Style, iliyotoka mwaka 1967, chini ya muongozaji Andrew Marton. Hadithi ni ya kauboi wawili wa Marekani wanaoajiriwa kuwakamata wanyamapori kwa kamba ili wafugwe kama ng'ombe. Ndani yake kuna mtoto, Samson, aliyeigizwa na Charles Malinda.

Picha hiyo ikazaa tamthilia, Cowboy in Africa, iliyoonyeshwa mwaka 1967 na 1968, safari hii stelingi akiwa Chuck Connors wa tamthilia ya The Rifleman. Connors alikuwa mtu wa ajabu, amecheza mpira wa kikapu Boston Celtics na besiboli Chicago Cubs kabla ya kushika bunduki ya sinema, na mwaka 1973 Brezhnev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti na mpenzi mkubwa wa picha za kauboi, alimrukia na kumkumbatia mbele ya kamera. Lakini tamthilia yenyewe ilipigwa sehemu kubwa California, kwenye shamba la wanyama la mtayarishaji. Samson, mtoto wa Kikuyu, safari hii akaigizwa na mtoto wa Kimarekani, Gerald Edwards. Kwa hiyo Kenya iliigizwa na California na Mkikuyu akaigizwa na Mmarekani. Mtoto yule hana kosa, alipewa kazi akaifanya. Ila nikitazama tamthilia zenu zinazoonyesha "kijijini Sumbawanga", zenye minazi nyuma ya nyumba, huwa namkumbuka Samson. Mnazi, mpwa wangu! Katika baridi hii!

Tufike sasa kwa mtu niliyemkusudia tangu mwanzo.

Kati ya mwaka 1949 na 1957 Wamarekani walikuwa na tamthilia iitwayo The Lone Ranger. Stelingi, Clayton Moore, amevaa kinyago na amepanda farasi mweupe. Pembeni yake yuko mwenzake, Mhindi Mwekundu aitwaye Tonto. Tonto anatumwa mjini kupeleleza, anapigwa, anafungwa kamba, anaokolewa, anatumwa tena. Na Kiingereza chake kimevunjwavunjwa, kama mtu aliyejifunza lugha hiyo jana kwa kusikiliza dirishani.

Aliyeigiza Tonto ni Jay Silverheels. Alizaliwa mwaka 1912 katika hifadhi ya Six Nations, Ontario, Kanada, akaandikwa Harold Smith. Alikuwa Mmohawk, mtoto wa askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Alikwenda Marekani kwa sababu ya lacrosse, mchezo ambao chimbuko lake ni mababu zake wenyewe, na alikuwa hodari kweli kweli, mpaka watu wa sinema wakamwona. Kiingereza alikijua sawasawa kama wewe unavyokijua Kiswahili. Kila asubuhi aliamka, akapanda gari kwenda kazini, akakivunja kwa mshahara, jioni akarudi nyumbani na kusema na watu wake kama kawaida.

Unaona basi kwamba Kifipa-Fipa chako kina kaka zake.

Wapo wa ukoo wake waliomwonea aibu Tonto, na siwalaumu. Lakini mtazame Silverheels mwenyewe, umfunike maneno yake kwa kuzima sauti. Mgongo wake umenyooka. Anamtazama mtu machoni. Akisimama kando ya yule mwenye kinyago huwezi kusema kwa hakika nani ni bwana na nani ni mtumishi, mpaka urudishe sauti. Maandishi yalimpa mtumwa wa ulimi na yeye akaweka mwili wa mtu huru. Nadhani ndiyo sababu watoto wa huko walipocheza mchezo wa kauboi kulikuwa na waliogombania kuwa Tonto.

Hakuishia hapo. Miaka ya 1960 alianzisha darasa la uigizaji jijini Los Angeles kwa ajili ya vijana wa makabila ya wenyeji, ili nafasi za Wahindi Wekundu zipate Wahindi Wekundu wa kuziigiza, tena waliofunzwa. Hitaji lilikuwepo. Cochise, mmoja wa viongozi wakuu wa Waapache, aliigizwa katika tamthilia ya Broken Arrow na Michael Ansara, mzaliwa wa Syria. Burt Reynolds alipewa nafasi ya chotara wa Kikomanche ndani ya Gunsmoke. Iron Eyes Cody, ambaye Marekani nzima ilimjua kama Mhindi Mwekundu kwa sura na mavazi, alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Italia, na alishikilia uongo wake hadi kaburini. Ansara alikuwa mwigizaji mzuri na simnyimi haki yake. Huyo wa mwisho simwelewi hadi leo.

Kisha Silverheels alifanya jambo lililonichekesha peke yangu usiku hadi nikaamsha nyumba. Alijitokeza kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson akiwa Tonto anayesailiwa kwa ajili ya kazi mpya, baada ya miaka mingi ya kumtumikia yule mwenye kinyago, na akaeleza hali ya ajira aliyotoka. Tonto alikuwa amepewa nafasi ya kulalamika! Mwaka 1979 jina lake liliwekwa kwenye njia ya nyota ya Hollywood. Alifariki mwaka uliofuata.

Kuna mwingine nampenda, na huyu watu humsahau. Katika Bonanza, tamthilia ya mzee tajiri na wanawe watatu, kuna mpishi Mchina, Hop Sing, anayekimbia huku na huku akipayuka kwa Kiingereza cha kuchekesha. Aliigizwa na Victor Sen Yung, mzaliwa wa San Francisco, aliyesoma Chuo Kikuu cha California pale Berkeley. Baba mwenye nyumba, Lorne Greene, alikuwa Mkanada, aliyekuwa akisoma habari za vita redioni kwao. Kwa hiyo katika nyumba hiyo ya Wamarekani, baba ndiye mgeni na "mgeni" ndiye mzaliwa. Mwaka 1972 Sen Yung alijeruhiwa kwa risasi ndani ya ndege iliyotekwa, akapona, na baadaye akaandika kitabu cha mapishi ya Kichina. Kama walimng'ang'aniza jikoni, aliamua angalau alipwe kwa jina lake mwenyewe.

Watu weusi walichelewa zaidi, ingawa wanahistoria hukadiria kwamba kati ya wachunga ng'ombe wa kweli wa nyakati zile, mmoja katika kila wanne alikuwa mweusi. Woody Strode alipita kama mgeni kwenye tamthilia ya Rawhide mwaka 1961. Raymond St. Jacques aliingia humo kama mmoja wa wachungaji wa kudumu mwaka 1965. Otis Young akapewa ustelingi wa nusu, pamoja na mweupe Don Murray, katika The Outcasts ya mwaka 1968, na tamthilia ikafungwa baada ya msimu mmoja. Babu yako hakuwaona hao. Angewaona pale Luanshya, sijui angemwita nani Jeke.

Nirudi kwetu. Sisemi kwamba huku hakuna hofu ya uchawi. Ipo, kama ilivyopo Dar ambako matangazo ya waganga yamebandikwa kwenye kila nguzo ya umeme. Radi nayo ipo: mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mvua zikianza Novemba inapiga miti, ng'ombe na mabati bila kuuliza nani kamkosea nani. Mzaha wa uchawi wa Sumbawanga nimetaniwa nao tangu chuo cha ualimu na nimecheka na wenzangu. Kwenye picha unabadilika. Nchi hii imezika vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Mtu anayeinua panga la kuwaua hajasoma kitabu cha uchawi. Amesikia hadithi, na hadithi nyingi siku hizi zinatoka kwenye kioo. Hapo ndipo mama yako ana haki, hata kama yeye anazungumzia aibu ya majirani.

Hata hivyo sikukatazi. Ukikataa watampata kijana mwingine, wa Kimara au wa Tanga, atakivunja Kiswahili kwa namna anayodhani Wafipa wanakivunja, na mnazi utabaki palepale. Ukikubali, kubali ukiwa na madai. Mwambie muongozaji kwamba huwezi Kifipa-Fipa lakini unakiweza Kifipa, na kwamba mzee na kijana wake wakiwa peke yao wazungumze Kifipa chenyewe, tafsiri ipite chini ya picha. Itamgharimu maandishi tu. Watazamaji watachekea kitu kingine. Nipe maneno yaliyomo kwenye skripti, nitakaa na mzee mmoja wa Kaengesa ambaye Kifipa chake hakijachujwa, tutakurekodia sauti kwenye simu, utaisikiliza ukiwa kwenye daladala.

Mwambie pia aondoe manyoya na kile kitambaa chekundu. Kama anataka kitu cha kutisha na cha kweli, mwelezee malungu. Wewe uliyaona ulipokuwa mdogo, tulipokwenda Nkansi kumzika shangazi yetu: ile minara ya udongo iliyobaki porini, mirefu kuliko mtu, ambamo wazee wetu waliyeyusha mawe yakawa chuma cha majembe. Tanuri lile lilivuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini, hakuna mtu aliyepuliza mivukuto, na moto ukawaka siku kadhaa mfululizo. Fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, na tanuri halikuwashwa bila hicho kikapu. Unaona? Mkoba ulikuwepo. Aliyeubeba alikuwa akijifunza ufundi, na alijua kwamba siku moja angeachiwa yeye.

Akikataa yote hayo, na huenda akakataa maana fedha si zake, basi fanya ya Weaver na ya Silverheels. Jiulize kijana huyo analipwa nini kwa kumbeba mzee, amekula nini asubuhi, mkoba una uzito gani, unamuuma bega lipi. Mama yake anajua alipo? Anamwogopa mzee au anamhurumia kwa kuwa ameshaanza kusahausahau? Muongozaji hawezi kukukataza kuyajua hayo, wala hayamo kwenye skripti yake. Mzee akipanda ungo, wewe usitoe macho kama kwenye vichekesho. Panda kama mtu anayepanda basi la usiku kwenda kazini. Na usianguke kabla hujaambiwa uanguke.

Jambo la mwisho ni la fedha. Dai mkataba wa maandishi kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, usome kila mstari, upige picha kurasa zote unitumie. Ahadi ya mdomo waachie hao wa kwenye ungo.

Mama yako nitamtuliza mwenyewe, ila mpigie kabla ya Jumapili, usimtumie ujumbe. Barua hii nimeifunga pamoja na maharage debe moja na unga wa ulezi, nampa kondakta wa basi la kesho. Uchukue pale stendi ya Magufuli, Mbezi, usichelewe maana wakikukosa wanashusha popote. Tarehe ya kuonyeshwa ikijulikana, niambie chaneli na saa. Mama yako amesema hataiangalia hata kwa fimbo, na papo hapo akaniuliza kama king'amuzi chetu kina kifurushi chake.

Wako,
Mjomba